Swali la Nne

Swali la nne kwenye fomu lataka babu.
Si jina tu. Ukoo wake, alikozaliwa,
na kama amekufa, kaburi liko wapi.

Loredana anatafuna kifuniko cha kalamu.
Miaka kumi na minane,
puani madoadoa kama pilipili manga iliyotwangwa,
na Kiswahili cha Malindi ya ndani, kisicho na kona.
Wazee wa kamati, watatu,
nyuma ya meza yenye mguu mmoja mfupi,
wanamtazama yeye, kisha mimi, kisha yeye.
"Huyu mzungu umempata wapi, Nyevu?"
"Sokoni," nikasema. "Kilo tatu na robo.
Deni lake ningali nalipa."
Mmoja akacheka. Wawili hawakucheka.

Ningewaambia nini?
Kwamba mamake alifua mashuka ya hoteli pamoja nami,
beseni moja, sabuni moja,
kwamba baba aliacha jina na nambari ya simu
ambayo mashine huijibu kwa Kitaliano?
Kwamba mama alikwenda Mombasa siku mbili
na siku mbili hizo hazijaisha?

Jina sikumbadili. Ndivyo nilivyolelewa.
Mimi mwenyewe ni Nyevu, Mgiriama,
katika nyumba ya Bi Barke, Mbajuni wa Faza,
aliyelala kitanda cha pili wodini
usiku mamangu alipokata roho.
Alikuwa na wake, Bwanaheri, wa siku moja.
Mimi akaniweka titi la kushoto.
Damu nzito kuliko maji, wasema watu.
Na maziwa je, nani aliyapima?
Mbele ya Bwanaheri sijifuniki kichwa:
ndugu yangu wa ziwa, hata kadhi ajua.
"Jina si leso," Bi Barke aliwaambia majirani,
"nimvue mtoto, nimvike yangu."

Na yeye?
Yeye alifika Malindi mwaka wa shifta,
ana miaka sita, kiatu kimoja, na jogoo kwapani.
Aliyemfungulia mlango ni Mama Sakina, Mbohora,
muuza nyuzi na vifungo,
hajui neno la Kibajuni
ila alijua jinsi mtoto mwenye njaa
anavyoitazama sufuria bila kuitazama.
Ndiyo maana kwetu mishono huhesabiwa kwa Kigujarati.
Ek, be, tran. Hata Loredana,
akipunguza upindo wa sketi ya shule,
midomo yake huenda hivyo.

Akaandika. Nikachungulia begani:
*Mama Sakina. Muuza nyuzi.*
"Hapa ni pa babu," akasema mzee, kidole juu ya wino.
"Ndiye babu tuliye naye."
"Ukoo?"
Hapo akakwama. Akanigeukia,
nami nikawa naangalia ule mguu mfupi wa meza.
"Rudini Alhamisi."

Njiani kimya. Tulipofika penye duka la mabati akauliza,
"Kwani mimi ni nani wake, hasa?"
Nilifungua mdomo. Nikamnunulia mabuyu.

Usiku Bi Barke akasikiliza yote,
meno yake yako kwenye glasi, mguu kwenye maji ya chumvi.
Nilingoja aseme neno la kuniweka sawa.
Akauliza, "La kaburi mlijibu?"
"Hatukufika huko."
"Basi hilo tunalo."

Alhamisi, kabla ya foleni,
tuko watatu kwenye makaburi ya Mabohora,
panga moja, ndoo moja, mlinzi anapiga miayo.
Loredana analalamikia miiba,
analalamikia viatu vyake vipya,
anauliza kama kamati itataka picha.
Bi Barke ameshakaa chini, miguu ameinyoosha,
anamwonyesha pa kulishika gugu:
si juu, hapo litakukatikia,
chini, kwenye shina, uzungushe kidogo.
"Ek," anang'oa.
"Be."
Udongo unamrukia Loredana usoni,
anajipangusa kwa kiwiko,
anashika.